Makangaga ya Asili Katika Bustani ya Kivuli

Kangaga linapong'olewa msituni na kupandwa mbele ya ofisi ya shule, kwa kawaida huendelea kuonekana zima kwa muda wa wiki mbili au tatu. Halafu ncha za majani hugeuka rangi ya kahawia, majani machanga yaliyojikunja hukauka kabla ya kukunjuka, na mwisho hubaki kishina cheusi ambacho hutupwa jalalani pamoja na udongo wake. Aghalabu lawama huelekezwa kwenye maji: ama yalikuwa machache, ama yalizidi. Sababu yenyewe huwa ni nyingine. Mizizi ya kangaga ni myembamba kama nywele, nayo hukatika karibu yote wakati wa kung'oa. Na majani yaliyokomaa katika hewa yenye unyevunyevu wa msituni hayawezi kuvumilia hewa kavu ya uwanjani. Mmea mwingine huletwa kuchukua nafasi ya ule uliokufa, nao hufa vilevile. Kwa njia hiyo bustani moja ndogo inaweza kumaliza makangaga ya korongo zima bila ya yenyewe kupata hata moja.

Iko njia nyingine, nayo haihitaji jembe wala gunia. Jani moja lililokomaa, la ukubwa wa kiganja, lina vijimbegu vya kutosha kujaza bustani za shule zote za wilaya. Njia hiyo ni ya polepole, lakini humwonyesha mwanafunzi kwa macho yake jambo ambalo mara nyingi hulikariri kitabuni bila ya kulisadiki: kwamba kangaga lina vizazi viwili, na kwamba kile kizazi kinachojulikana na watu wote ni nusu tu ya maisha yake.

Kangaga na mwanga hafifu

Makangaga ni mimea yenye mizizi, shina na majani, na yenye mirija ya kusafirisha maji na chakula, lakini haitoi maua, matunda wala mbegu. Duniani kuna zaidi ya aina 10,000 za makangaga. Mengi yanatambulika kwa jani changa lililojiviringa kama mkia wa kinyonga, ambalo hukunjuka taratibu kuanzia chini kwenda juu. Nyuma ya jani lililokomaa huonekana nukta au mistari ya kahawia iliyopangwa kwa utaratibu maalumu. Watu wasiozoea huidhania kuwa ni ugonjwa au wadudu, na wako watunza bustani ambao huyakata majani hayo na kuyachoma. Kumbe ile ndiyo mikusanyiko ya vifuko vya spora.

Ukoo wa makangaga ni wa kale, umekuwapo kwa zaidi ya miaka milioni 350. Hata hivyo si sahihi kuyaona makangaga yote ya leo kuwa ni masalio tu ya zama zilizopita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa makundi mengi ya makangaga yaliyoko sasa yaliongezeka aina zake baada ya mimea itoayo maua kuenea duniani. Miti hiyo mipya ilipofunika ardhi, ilileta kivuli, na makangaga yakapata makazi ndani ya kivuli hicho. Mwaka 2014 watafiti walieleza jambo jingine la kushangaza. Makangaga mengi yana protini ya kuhisi mwanga iitwayo neokromu, ambayo hutambua mwanga mwekundu na wa buluu pia, na jeni yake haikurithiwa kutoka kwa wazazi wao wa kale, bali ilihamia kutoka katika kundi jingine la mimea midogo ya mahali penye majimaji. Inadhaniwa kuwa jeni hiyo ya kuazima imeyasaidia makangaga kuishi mahali ambapo mwanga ni haba.

Kwa hiyo kivuli si adhabu kwa kangaga. Lakini kivuli si giza. Kangaga hujitengenezea chakula kwa usanisinuru kama mimea mingine ya kijani, na likiwekwa katika pembe ya ukumbi isiyofikiwa na mwanga litadhoofika, hata likinyweshwa kila siku.

Kizazi kisichoonekana

Spora ni chembe ndogo sana, nyingi zikiwa na upana wa mikromita 20 hadi 60, yaani ni vumbi tu kwa macho ya kawaida. Hazina kiinitete wala akiba kubwa ya chakula kama mbegu ya hindi au ya harage. Spora huchukuliwa na upepo. Kila kifuko kina mkanda wa seli zenye kuta nene upande mmoja. Jua linapokausha seli hizo, mkanda hujivuta na kukirarua kifuko, ukapindika kwa nyuma kama upinde uliovutwa, kisha ghafla hufyatuka na kuzirusha spora hewani. Mwalimu mwenye hadubini anaweza kulionyesha tendo hili darasani kwa kuweka vifuko vilivyokomaa juu ya kipande cha kioo chini ya taa. Joto la taa latosha.

Spora ikiangukia mahali penye unyevu na mwanga, huota. Lakini kinachoota si kangaga. Hutokea kwanza uzi mfupi wa seli, kisha uzi huo hupanuka na kuwa bapa la kijani lenye umbo la moyo, ambalo kwa kawaida halizidi upana wa sentimita 1. Halina shina, wala majani, wala mizizi ya kweli. Hujishikiza ardhini kwa vinyweleo. Hii ndiyo gametofiti, na katika makala haya kila moja itaitwa kimoyo. Seli za kimoyo zina nusu tu ya kromosomu zilizomo katika seli za kangaga kubwa.

Upande wa chini wa kimoyo huwa na viungo vya uzazi. Vile vya kiume hutoa mbegu za kiume zenye mikia mingi ya kuogelea; vile vya kike, ambavyo hukaa karibu na bonde la kile kimoyo, hubeba yai moja moja. Mbegu ya kiume haina njia ya kulifikia yai ila kwa kuogelea. Mwaka 1884 mwanasayansi wa Kijerumani Wilhelm Pfeffer aligundua kuwa mbegu hizo huvutwa na asidi ya maliki, ile ile iliyomo katika tufaha bichi: zikiwekewa kijirija chembamba chenye asidi hiyo, huogelea kukielekea. Yai likitungishwa huwa zaigoti, nayo hukua ikiwa bado imeshikamana na kimoyo, hadi itoe mzizi na jani lake la kwanza. Hapo ndipo kangaga linapoanza kuonekana, na kimoyo hunyauka na kutoweka. Kizazi hiki cha pili huitwa sporofiti. Mjerumani mwingine, Wilhelm Hofmeister, ndiye aliyeeleza kwa ukamilifu kupokezana huku kwa vizazi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1851.

Mwanafunzi akishayaelewa haya, nusu ya ufundi wa bustani ya makangaga amekwisha kuupata. Kangaga halipendi penye maji kwa sababu ya kiu tu. Kizazi chake cha kwanza hakiwezi kuzaa pasipo utando wa maji wa kuogelea. Korongo lililokatwa miti linaweza kuendelea kuwa na makangaga makubwa kwa miaka mingi, yakavumilia jua kwa namna fulani, ilhali hakuna hata jipya moja linalozaliwa, kwa kuwa vimoyo vyote hukauka kabla ya wakati wao. Mtu akipita hapo ataona makangaga na kusema msitu bado uko salama.

Chupa ya Daktari Ward

Nathaniel Bagshaw Ward alikuwa daktari mashariki mwa jiji la London, na alipenda makangaga, lakini moshi wa viwanda uliyaua yote aliyoyapanda. Mwaka 1829 aliweka bundo la nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa aliyoifunika, akitaka kuona nondo atakavyotoka. Baada ya muda akaona kangaga dogo na jani la nyasi vimeota ndani ya chupa hiyo. Spora ilikuwamo katika udongo. Maji yaliyopaa wakati wa mchana yaligeuka matone kwenye kioo na kurudi chini, na moshi haukupata pa kuingilia. Kangaga hilo liliishi humo kwa miaka kadhaa bila ya kunyweshwa.

Kutokana na chupa ile yalitengenezwa makasha ya kioo yaliyosafirisha mimea hai baharini toka bara hadi bara. Lakini yalileta pia wazimu. Katikati ya karne ya 19 Waingereza wa tabaka mbalimbali walishikwa na shauku ya kukusanya makangaga, na wauzaji wakaingia mabondeni na kuyang'oa kwa mikokoteni. Aina moja yenye majani membamba mno, Trichomanes speciosum, ambayo hukaa katika mapango na nyuma ya maporomoko ya maji, ilinyang'anywa hata ikabaki katika sehemu chache sana za Uingereza na Ireland. Ilipofika miaka ya mwisho ya karne ya 20 wataalamu waligundua kitu kilichokuwa mbele ya macho yao siku zote: katika mianya mingi ya miamba, mbali na mahali palipobaki makangaga makubwa, gametofiti za aina hiyo zilikuwa zingali hai, zikijiongeza zenyewe kama nyuzi za kijani bila ya kuzaa kangaga hata moja. Wakusanyaji walichukua kizazi kimoja na kukiacha kingine, kwa kuwa hawakukijua.

Tanzania nayo ina mfano ulio karibu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alikuta karibu na Tanga mmea mdogo wenye maua ya urujuani. Uliandikwa rasmi mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia, ukaenea katika madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani, na leo hukuzwa kwa wingi katika mabanda ya kioo. Ndugu zake wa mwituni, ambao hukaa juu ya miamba yenye kivuli, baadhi yao wako hatarini kwa sababu kivuli chao kimekatwa. Wingi wa mmea katika vyungu haujawa ulinzi kwa mmea ulioko msituni. Ndiyo maana bustani ya shule haiwezi kuhesabiwa kuwa imehifadhi kangaga lolote kwa kulihamisha tu.

Kukusanya na kupanda spora

Spora zikusanywe nje ya hifadhi: kwenye kingo za barabara, kando ya mifereji, kwenye vigogo vya minazi na kuta za mawe. Mahali penye hifadhi, kama ile ya msitu wa Amani iliyotangazwa mwaka 1997, hata jani moja lahitaji kibali, na mwalimu ndiye wa kukiomba.

Jani lichunguzwe kwa lenzi kabla ya kukatwa. Vifuko vikiwa vyeupe au vya kijani, bado ni vichanga. Vikiwa vimechanika na kufanana na manyoya, vimekwisha kumwaga. Vinavyofaa ni vile vilivyovimba, vyenye rangi ya kahawia iliyoiva na kung'aa. Kipande cha jani hulazwa juu ya karatasi nyeupe, mgongo wenye vifuko ukiwa chini, kikafunikwa kwa karatasi nyingine na kuachwa siku moja au mbili mahali pasipo upepo. Jani likiinuliwa, picha yake hubaki imechorwa kwa vumbi. Vumbi hilo huwa limechanganyika na maganda ya vifuko, nayo ndiyo huleta ukungu katika chupa, hivyo hapana budi yaondolewe. Karatasi huinamishwa kidogo na kugongwa kwa kidole taratibu: maganda huporomoka upesi, spora hubaki zimeng'ang'ania karatasi. Spora za rangi ya kahawia huweza kukaa miezi mingi katika bahasha ya karatasi iliyoandikwa jina, mahali na tarehe. Zile za kijani hufa upesi, mara nyingi ndani ya siku au wiki chache, kwa hiyo hupandwa mara moja. Mfuko wa nailoni haufai, kwani huhifadhi unyevu na kuozesha.

Chupa pana ya jamu yenye mfuniko yatosha kuwa kasha la Ward. Ndani yake hutiwa kina cha sentimita 3 au 4 cha mchanganyiko wa mboji ya majani iliyochekechwa na mchanga mkubwa wa mtoni, sawa kwa sawa. Maji yanayochemka humiminwa polepole juu yake ili kuua mbegu za magugu, mayai ya wadudu, na zaidi ya yote spora za makangaga mengine na za kuvumwani, yaani ule mmea mdogo unaotandaza zulia la kijani juu ya mawe mabichi. Chupa iwekwe kwanza juu ya kitambaa kilicholowa maji ya moto, isije ikapasuka. Hufunikwa, huachwa ipoe kabisa, na maji yaliyozidi humwagwa. Ndipo mfuniko huinuliwa kidogo, na spora hunyunyizwa kwa kuigonga karatasi mara moja tu.

Mara moja tu, kwa sababu wanaoanza hupenda kumwaga nyingi, nao hujutia. Vimoyo vikisongamana hudumaa. Tena katika aina kadhaa vimoyo vilivyotangulia kukua hutoa kemikali inayovifanya vile vichanga vilivyo jirani viwe vya kiume. Chupa huwa na kijani kizuri, lakini mayai ni machache, na makangaga yatakayozaliwa ni machache vilevile. Jambo hili lilielezwa na Mjerumani aitwaye Döpp mwaka 1950, naye alianza kwa kuchunguza aina ya kawaida kabisa ya kangaga.

Chupa hukaa karibu na dirisha lenye mwanga mwingi lakini lisilopigwa na jua, kwani jua la nusu saa tu laweza kuvipika vilivyomo. Baada ya wiki 2 hadi 6 utando wa kijani huonekana. Mara nyingine ni mwani uliopenya. Mwani huteleza na kung'aa, vimoyo vichanga huonekana kama magamba madogo. Tangu hapo ni kazi ya kungoja, na chupa isifunguliwe kila mwanafunzi anapotamani kuchungulia. Vimoyo hufikia ukubwa wake baada ya miezi 2 hadi 4. Hapo hunyunyiziwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, mara moja kwa wiki, ili mbegu za kiume zipate pa kuogelea.

Darasa linaweza kufanya jaribio kwa chupa mbili za umri mmoja. Ya kwanza hunyunyiziwa kutoka juu kama ilivyoelezwa. Ya pili huongezewa maji kwa mrija mwembamba uliozamishwa hadi chini ya udongo, ili vimoyo vyake vipate unyevu wa kuishi lakini visilowe juu. Ikiwa maelezo ya vitabu ni ya kweli, chupa ya kwanza itatoa makangaga na ya pili itabaki na vimoyo vitupu. Jaribio hili halifanikiwi kila mara, kwa maana matone ya kwenye mfuniko huweza kudondoka usiku na kuliharibu. Mfuniko wa kitambaa chepesi katika chupa ya pili husaidia. Lisipofanikiwa, mjadala wa kwa nini halikufanikiwa huwa na faida kuliko jibu lililotarajiwa. Kimoyo kimoja huweza pia kutolewa, kikageuzwa chali katika tone la maji, na kutazamwa kwa hadubini inayokuza mara 100. Wakati mwingine, baada ya dakika chache, mbegu za kiume huonekana zikizunguka kwa kasi.

Majani ya kwanza ya sporofiti hayafanani na ya kangaga mzazi. Huwa mepesi, yenye umbo la kipepeo au kijiko, na wanafunzi hudhani wamekuza kitu kingine. Miche ikifikisha majani matatu au manne, hutolewa kwa mafungu pamoja na udongo wake kwa ncha ya kijiti na kupandwa katika vikopo vilivyotobolewa chini. Vikopo hufunikwa kwa nailoni nyeupe, ambayo hufunguliwa kidogo kidogo kwa muda wa wiki 2 au 3. Haraka katika hatua hii huua zaidi kuliko ugonjwa wowote.

Mahali pa bustani

Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Ulaya humwambia msomaji achague upande wa kaskazini wa nyumba, kwa kuwa huko jua halifiki. Ushauri huo ni sahihi Uingereza, lakini Tanga utapotosha. Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini ya Ikweta. Tangu mapema Oktoba hadi mapema Machi jua la mchana hupita upande wa kusini. Miezi iliyobaki hupita upande wa kaskazini. Hakuna ukuta wa kaskazini wala wa kusini wenye kivuli mwaka mzima. Ukuta unaofaa ni ule unaotazama mashariki: hupata jua laini la asubuhi na hukingwa na jua kali la alasiri. Bora zaidi ni chini ya miti yenye matawi yaliyo juu. Mkaratusi usichaguliwe, kwani hunyonya maji ya ardhi hata kikaushe. Pasipo mti, kichanja cha makuti yaliyotandazwa kwa nafasi hutoa kivuli chenye madoa ya mwanga kama ya msituni.

Kivuli hupimwa bila chombo. Saa sita mchana, kiganja kinyooshwe juu ya karatasi nyeupe, kimo cha kama sentimita 30. Kivuli cha kiganja kikiwa na ukingo uliokatika vizuri, mwanga umezidi. Kikiwa kinaonekana lakini ukingo wake umefifia, mahali hapo panafaa. Kisipoonekana kabisa, hapo ni giza mno.

Udongo uwe mwepesi, wenye mboji nyingi, usiotuamisha maji. Makumbi ya nazi yaliyopondwa hufaa kuuchanganya, ila yalowekwe na kusuuzwa mara kadhaa kwanza ili chumvi itoke. Samadi mbichi na mbolea za chumvichumvi huunguza mizizi. Wakati wa kupanda ni mwanzo wa masika. Kosa kubwa wakati huo ni kulifukia kangaga kama muhogo: shina lake, liwe linatambaa au limesimama, likae usawa wa ardhi, na kitovu panapotokea majani kiwe wazi. Maji hutolewa asubuhi, na katika miezi ya kaskazi yenye joto na upepo mkavu hata mara mbili kwa siku.

Liko jambo moja ambalo hugongana na desturi za shule. Kila asubuhi uwanja hufagiliwa kwa chelewa mpaka udongo mwekundu ung'ae, na majani makavu huhesabiwa kuwa uchafu. Chini ya makangaga majani hayo ndiyo blanketi na ndiyo chakula. Bustani isiyozungushiwa mawe na kuwekewa kibao itafagiliwa, nayo itakufa kwa usafi. Hofu ya nyoka, ambayo ina haki yake, huondolewa kwa kuitenga bustani mbali na mabweni na njia za usiku, na kwa kutolundika majani kupita kimo cha vidole vitatu.

Makangaga ya kuanzia

Ukanda wa pwani, ambako ardhi ni ya mawe ya matumbawe yenye chokaa, hauna haja ya kulazimisha makangaga ya milimani yanayotaka udongo wenye asidi. Pteris vittata, lenye vijani virefu vilivyopangwa kama ngazi, hupenda chokaa na huota hata katika nyufa za kuta kuukuu. Mwaka 2001 ilitangazwa kuwa kangaga hili hunyonya arseniki kutoka ardhini na kuihifadhi kwa wingi katika majani yake bila ya kudhurika. Kwa hiyo lisipandwe penye taka za viwanda kisha likalishwa mbuzi. Adiantum capillus-veneris, lenye vikonyo vyeusi vyembamba, nalo hustahimili chokaa, lakini halisamehe ukavu hata wa siku moja. Microsorum scolopendria, lenye jani gumu lililogawanyika kama vidole na nukta kubwa za mviringo, hutambaa juu ya mawe na vigogo vya minazi, na ndilo gumu kuliko yote haya. Shule isiyo na uzoefu ianze na hilo. Nephrolepis biserrata ni rahisi pia, ila huenea upesi. Lisichanganywe na kangaga la Boston linalouzwa katika vyungu vya barazani, ambalo asili ya ukoo wake ni Marekani ya tropiki.

Milimani uchaguzi ni mpana zaidi. Penye chemchemi ya kudumu, Marattia fraxinea hutoa majani makubwa kupita kimo cha mtu. Kangaga-mti, Cyathea manniana, ambalo husimama kama mnazi mwembamba katika makorongo ya Usambara, laweza kukuzwa kwa spora, ingawa litachukua miaka mingi kabla ya kuonyesha shina. Kwa vyovyote lisinunuliwe likiwa limekatwa: biashara ya kimataifa ya jamii hii hudhibitiwa na mkataba wa CITES, kwa kuwa mashina yake huvunwa ili yapandiwe okidi. Ama yale makangaga yenye majani yanayopenyeza mwanga kama karatasi iliyotiwa mafuta, ambayo unene wake ni wa seli moja tu, yaachwe msituni. Bustani ya kawaida haiwezi kuyatunza.

Liko pia kangaga moja lisilohitaji kukaribishwa, Pteridium aquilinum, ambalo hutawala mashamba yaliyoungua na kuachwa. Hilo hustawi juani, moto haulifikii shina lake lililozama ardhini, na lina sumu iitwayo takwilosidi, ambayo huwadhuru ng'ombe na huweza kusababisha saratani. Mtu anayetoka mjini hulihesabu pamoja na mengine na kusema kuwa makangaga yako tele. Wanafunzi wafundishwe kulitenganisha, kwa kuwa wingi wake ni dalili ya msitu uliokwisha kutoweka.

Makangaga ya pwani yaliyokuzwa chupani huweza kuanza kutoa spora zake yenyewe katika mwaka wa pili au wa tatu baada ya kupandwa bustanini. Nukta za kahawia zikionekana nyuma ya jani, jani hilo lisikatwe kwa kudhaniwa kuwa linaumwa. Lichunguzwe kwa lenzi, litiwe kati ya karatasi mbili, na bahasha yake iandikwe jina la kangaga, jina la shule na tarehe. Nayo yaweza kupelekwa kwa shule jirani ambayo haijawahi kuingia msituni.